Chai ya rangi, udongo na damu ya Dada

Nimepotea wiki mbili hizi, testi zilinikaba koo, ila nipo.

Huku Shirimatunda ninakopanga, ukitamka tu kwamba kichwa kinakuzunguka, mtaa mzima unakuandikia dawa kabla hujafika duka la dawa. Mama ntilie anakwambia rozela. Kinyozi anakwambia bitiruti. Mama mwenye nyumba anakwambia mchicha, tena ule wenye majani mekundu, na maji yake usimwage. Kigezo chao nilishakigundua, ni rangi. Kitu kikiwa chekundu kinaongeza damu, kwisha habari. Sasa kwa hesabu hizo si soda ya stroberi ingekuwa inatolewa hospitali?

Nisingejali sana, mimi mtu wa uhasibu. Lakini dada yangu mkubwa, aliyeolewa Chekereni kule chini kwenye mashamba ya mpunga, ni mjamzito, na alipopimwa kliniki mimba ikiwa na miezi mitano damu yake ilikuwa 9.1. Kwa mjamzito mstari ni 11. Wakampa vidonge vya kuongeza damu. Akavinywa siku nne, akaona choo cheusi, tumbo likamsumbua, akavifungia kabatini. Kisha akaja na wazo lake: kwa kuwa vidonge havijampenda yeye, si avisage ampe mwanawe wa miaka miwili, ambaye naye anaonekana mweupe mweupe wa macho? Aliniambia kwenye simu kwa sauti ile ya mtu anayegawa wali uliobaki. Nikamwambia, "Dada, nakuomba usimpe, nipe siku chache nikuletee sababu." Akacheka, "Haya bwana daktari wa mahesabu."

Basi siku hizo chache nikazitumia. Jirani yangu wa chumba cha pili anasoma udaktari, nimemsumbua mpaka akaanza kuzima taa mapema.

Kilichonishangaza kwanza ni jinsi mzigo wenyewe ulivyo mdogo. Mwanaume mzima ana kama gramu 4 za chuma mwili mzima, mwanamke pungufu ya hapo. Yaani msumari mmoja tu, ndio unaotutembeza. Zaidi ya nusu iko kwenye himoglobini, ile inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu. Chembe moja inaishi kama siku 120, ikichakaa inavunjwa kwenye bandama na ini, chuma chake kinatolewa na kupelekwa tena kwenye uboho wa mifupa kutengeneza nyingine. Kila siku uboho unatumia miligramu 20 hadi 25, na karibu zote ni za mzunguko, pesa ile ile inarudi dukani. Kutoka kwenye msosi kinaingia miligramu 1 au 2 tu kwa siku, kufidia kinachopotea kwenye ngozi, kwenye utando wa utumbo, na kwa sisi wasichana kwenye hedhi.

Sasa hapa ndipo nilipokaa vizuri kwenye kiti. Mwili hauna njia ya kutoa chuma kilichozidi. Chumvi ikizidi unaikojoa. Vitamini nyingi za kundi la B zikizidi unazikojoa, ndiyo maana ukinywa vidonge vya B unakojoa njano ya kutisha, ile ni B2 inatoka. Chuma hapana. Kikishaingia kimeingia, mpaka utoke damu. Na kikizidi kinaharibu. Kule Afrika Kusini na Zimbabwe kuna watu waliougua ini kwa miaka mingi ya kunywa pombe ya kienyeji iliyotengenezwa kwenye mapipa na vyungu vya chuma, pombe inakula chuma, wao wanakunywa. Kwa hiyo mwili umeweka ulinzi wote mlangoni, pale mwanzo wa utumbo mwembamba, chakula kikitoka tu tumboni. Ini linatoa homoni inaitwa hepsidini, jina hilo ilipewa mwaka 2001, juzi juzi tu. Hepsidini ikipanda, seli za utumbo zinakishikilia chuma humo humo na baada ya siku chache zinabanduka nacho kwenda chooni. Ikishuka, mlango unafunguka. Ukiwa na upungufu, inashuka. Ukiwa mjamzito, kuanzia miezi ya katikati, inashuka pia, maana mimba nzima inadai kama gramu 1 ya chuma, na nyingi ya hiyo inadaiwa nusu ya pili. Piga hesabu mwenyewe: miligramu 1 au 2 kwa siku, deni la miligramu 1,000. Ndiyo maana mama anayebeba mimba juu ya mimba anaanza ya pili akiwa na stoo tupu. Dada yangu amepishanisha mwaka na nusu tu, sisemi kitu, shemeji anaweza kusoma hapa.

Na hayuko peke yake. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 Tanzania wana upungufu wa damu, na watoto chini ya miaka mitano asilimia 58. Sio wote ni kwa ajili ya chuma, kuna malaria, kuna minyoo. Wazee wetu wana neno kabisa, safura, ule ugonjwa wa kupauka na kuvimba wa mtu anayenyonywa damu na minyoo ya tumboni. Lugha ilikuwa inajua kabla ya maabara.

Turudi mlangoni, kwa sababu ndipo chai inapoingia. Chuma cha nyama, samaki na damu kina njia yake ya kuingilia na hakisumbuliwi sana, unaweza kufyonza robo yake hivi. Chuma cha maharage, mchicha, mnavu, ulezi, ugali, hicho kinategemea kilichokaa nacho kwenye sahani. Mara asilimia 2, mara asilimia 15. Ukikiwekea vitamini C kinabadilishwa kuwa katika hali inayopita, kinaweza kuongezeka mara mbili au tatu. Ukikiwekea chai kinashikwa na zile tanini, mnatoka wote chooni. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 1983 ulipima kwa mlo wenye nyama: kikombe cha kahawa kilipunguza ufyonzaji kwa asilimia 39, chai asilimia 64. Na kilichoniuma kama Mchaga niliyelelewa chini ya mibuni: kahawa ikinywewa saa moja kabla ya kula haikuwa na neno, ikinywewa saa moja baada ya kula iliharibu vile vile kama imenywewa na chakula chenyewe.

Sasa angalia siku ya mwanachuo. Asubuhi chai ya rangi na maandazi. Mchana ugali maharage kwa mama ntilie, na jagi la chai lipo hapo hapo. Jioni, bumu likiwepo zege, lisipokuwepo chai tena na kipande cha mkate. Kwenye siku nzima hiyo kitu kilichokuwa upande wetu ni kachumbari, tunaiacha pembeni ya sahani kwa ajili ya kitunguu! Nyanya mbichi, pilipili hoho, ndimu iliyokamuliwa juu, hicho ndicho kinachofungua maharage. Ikipikwa vitamini C nyingi inakufa, kwa hiyo nyanya ya kwenye mchuzi isikudanganye. Soko la Mbuyuni pera na chungwa si bei ya kukopea.

Rozela nayo nimeichunguza kwa haki. Ina uchachu na ina vitamini C kiasi, lakini ina tanini zake pia, kwa hiyo wekundu wake ni wekundu tu. Mtaani nimeshawaambia, hawajanielewa, wameendelea.

Hapo nikampigia Mama Kibosho, maana nilitaka kujua Bibi alikuwa analisha nini wazazi. Nikamwamkia, nikauliza. Mama akaniorodheshea kama mtu aliyekuwa anasubiri kuulizwa miaka yote: mtori wa ndizi na nyama, kisusio yaani ile supu ya mbuzi iliyochanganywa na damu yake, na uji wa ulezi ulioota. Huo wa mwisho ndio ulionifanya nimrushie maswali. Nafaka zote zina kitu kinaitwa faiteti, kinashika chuma kama gundi. Ukiloweka ulezi, ukauotesha, ukaukausha na kuusaga, kile kimea chenyewe kinazalisha kimeng'enya kinachovunja faiteti, na ukichachusha inavunjwa zaidi. Bibi hakuwa anasema faiteti. Alikuwa anasema uji wa hivyo "unashika mwili". Kisusio nacho ni chuma cha aina ile isiyosumbuliwa mlangoni, na nyama kwenye mtori inasaidia hata chuma cha ndizi kupita. Ila msije mkadhani kila cha Bibi ni dawa: kimea hicho hicho ndicho cha mbege, na pombe inaharibu ufyonzaji wa folate, kwa mjamzito ndio kabisa haifai. Naona kuna watu walikuwa wameshaanza kutabasamu.

Folate ndiyo nini? Hapa B zinaingia, na nilikuwa nazichukulia kama abiria wa siti ya nyuma. Chuma ni malighafi ya himoglobini, lakini ili uboho ugawanye seli zipatikane chembe mpya unahitaji folate, ambayo ni B9, na B12. Zikikosekana unapata chembe chache, kubwa, zisizokomaa, hata ukiwa na chuma cha kumwaga. B6 nayo inahitajika kutengeneza ile sehemu ya himoglobini inayoshika chuma. Stori ya folate yenyewe imeanzia kwa wajawazito. Daktari Mwingereza Lucy Wills alikwenda Bombay mwaka 1928 kuchunguza akina mama, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya nguo, waliokuwa wanaishiwa damu wakiwa na mimba. Mwaka 1931 akaandika kwamba wanapona kwa Marmite, ile mabaki ya hamira ya bia inayopakwa mkate. Mwaka 1941 kitu chenyewe kikatolewa kwenye spinachi, kikaitwa kwa neno la Kilatini la jani. Kwa hiyo mchicha wa mama mwenye nyumba una kazi yake, ila si ile anayodhani, na ukiuchemsha nusu saa folate nyingi inaharibika au inaingia kwenye maji. Kwenye hilo la kutomwaga maji yupo sahihi kuliko mimi nilivyotaka awe.

B12 ni ya mizungu kweli. Haipo kwenye majani wala nafaka, ni nyama, samaki, mayai, maziwa. Asidi ya tumbo inaibandua kutoka kwenye nyama, kisha tumbo linatoa protini maalumu ya kuisindikiza, wanasafiri pamoja utumbo mwembamba wote, wanapokelewa mwishoni kabisa. Msindikizaji akikosekana, hata ukila ng'ombe mzima upo pale pale. Ini linaitunza kwa miaka, wakati folate inaisha kwa miezi mitatu minne hivi. Ndiyo maana mwenye mimba anaanza kudaiwa folate mapema, na ndiyo maana kidonge chake kina vyote viwili, chuma na asidi ya foliki.

Na kobo za mahindi tunazosaga? Ukikoboa upate sembe nyeupe umeondoa B nyingi pamoja na pumba. Dona inazo, ila ina faiteti zaidi, kila kitu na bei yake. Tanzania ilitunga kanuni mwaka 2011 za kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano na mahindi, kuna chuma, zinki, foliki na B12, lakini sisi wengi unga wetu unatoka mashine ya mtaani ambako hakuna kinachoongezwa zaidi ya kelele.

Sasa udongo. Dada anakula udongo, ule wa vijiti unaouzwa sokoni kwa jina la pemba, na ameniapia kwamba "una madini". Inawezekana unayo, lakini udongo wa mfinyanzi unashika chuma cha chakula tumboni, na hamu yenyewe ya kula udongo huonekana sana kwa watu wenye upungufu wa chuma. Kipi kilianza, hamu au upungufu, wataalamu bado wanavutana. Kwa Dada mimi nimemwambia tu kwamba anakunywa kidonge mkono wa kulia na kukikamata kwa mkono wa kushoto.

Jina la udongo limenipeleka mpaka Pemba yenyewe, na huko ndiko nilikopata sababu niliyomwahidi kuhusu mtoto. Kuanzia mwaka 2002 watafiti waliwapa watoto wa Pemba wa mwezi 1 hadi 35 chuma na asidi ya foliki kila siku, wengine na zinki, wengine kidonge kitupu cha kulinganishia. Watoto zaidi ya 24,000. Dozi ya chuma ilikuwa miligramu 12.5, na wachanga nusu yake. Kila mtu alitegemea watoto watanawiri. Agosti 2003 kamati ya usalama ikasimamisha makundi ya chuma. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2006: waliopewa chuma na foliki walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufa au kulazwa kwa ugonjwa mkali. Utafiti kama huo ulifanyika Nepal, sehemu isiyo na malaria, madhara hayo hayakuonekana. Na ndani ya Pemba kwenyewe, kwenye kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu, likapimwa na kutibiwa malaria, watoto waliokuwa kweli na upungufu wa chuma walifaidika.

Soma tena hayo. Chuma kile kile, mtoto mmoja kinamjenga, mwingine kinamlaza. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba vimelea na bakteria nao wanakitaka. Ndiyo maana ukiwa na homa hepsidini inapanda na mwili unaficha chuma, unafunga mlango na stoo kwa pamoja, afadhali upungukiwe kuliko kumlisha adui. Ukimwaga chuma wakati huo unamwaga mahali pasipo na pa kukiweka. Tangu hapo Shirika la Afya Duniani linasema sehemu zenye malaria chuma cha watoto kiende pamoja na kinga na tiba ya malaria. Chekereni ni mpunga, maji yamesimama, mbu hawajambo.

Tena hiyo ilikuwa miligramu 12.5. Kidonge cha Dada kina miligramu 60. Mtoto wake ana kilo 11. Sumu ya chuma inaanza kuonekana kwenye miligramu 20 kwa kila kilo ya mtoto, yaani miligramu 220, yaani vidonge vinne. Vinne, na vinang'aa kama pipi, kwenye kabati lisilo na kufuli. Hesabu hiyo nilimtumia kwa meseji saa nne usiku kwa sababu nilishindwa kusubiri asubuhi. Alinijibu saa nne na dakika tatu: "Nimeviweka juu ya kabati la vyombo." Kesho yake akampeleka mtoto kupimwa. Alikuwa na minyoo, hakuwa na malaria, akapewa dawa ya minyoo na chuma cha maji kwa dozi ya umri wake, na tarehe ya kurudi.

Kwa yeye mwenyewe nilimwambia mambo matatu manne ambayo yule jirani wa udaktari alikubali yatoke kinywani mwangu. Choo cheusi ni chuma kisichofyonzwa, hakuna kilichoharibika. Kichefuchefu kikizidi ameze usiku akienda kulala, na chungwa badala ya chai. Chai ihamie saa kumi jioni, ijitegemee. Akishindwa kabisa arudi kliniki wambadilishie, asikae kimya. Kuna tafiti za miaka ya karibuni zinazoonyesha wanawake wasio na mimba wenye upungufu wanafyonza vizuri zaidi wakimeza siku moja na kuruka moja, kwa sababu dozi moja inapandisha hepsidini kwa karibu saa 24. Hiyo sikumwambia, namjua, angeruka wiki. Yeye afuate kliniki ilivyosema, kila siku.

Mama alitaka kuteremsha kisusio mpaka Chekereni kwa daladala, tukakumbuka mama mkwe wa Dada ni Msabato, damu haiingii jikoni kwake. Mama akasema basi maini. Jirani wa udaktari akatoa kichwa dirishani kusema maini yana vitamini A nyingi mno, kwa mjamzito yasiwe mboga ya kawaida. Mama akanyamaza sekunde kadhaa, akauliza huyo kijana ni nani na kwa nini yupo dirishani kwangu saa hizi.

Tukaishia kwenye dagaa, wana chuma, wana B12, na mama mkwe anawapenda. Wiki iliyopita, baada ya wiki tano, damu ya Dada ilikuwa 10.2. Udongo bado anakula, kidogo, anadai.